Viongozi wa OTRAG, kampuni ya roketi iliyofika Shaba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wa Kongo, na hata majirani zao ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hawajui kwamba kampuni ya kwanza duniani kujaribu biashara ya kurusha setilaiti kwa fedha za watu binafsi ilifanyia majaribio yake katika nchi inayosema Kiswahili. Wanaojua huuliza zaidi kuhusu roketi. Mimi naona habari nzito zaidi imo katika uongozi: ni akina nani waliokaa mezani, walitoka wapi, na walikuwa wakiwajibika kwa nani. Majibu yafuatayo yanaanzia hapo.

OTRAG ilikuwa kampuni ya namna gani?

Ilikuwa kampuni ya hisa ya Ujerumani Magharibi, iliyoanzishwa mwaka 1975. Jina lake kamili ni Orbital Transport- und Raketen-Aktiengesellschaft, yaani kampuni ya hisa ya roketi na usafirishaji wa angani. Siku hizo kurusha roketi ilikuwa shughuli ya serikali kubwa na majeshi yao. OTRAG ikasema inaweza kubeba setilaiti kwa nauli ndogo, bila kutegemea hazina ya nchi yoyote, kwa kutengeneza roketi nyingi kwa vipuri vya kawaida vinavyouzwa madukani.

Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa utafiti na majaribio. Injini zilichomwa kwanza kwenye vituo vya Lampoldshausen, kusini mwa Ujerumani, ambako taasisi ya taifa ya utafiti wa anga ina mitambo ya kupimia injini za roketi. Roketi nzima zikaenda kurushwa Zaire, yaani Kongo ya leo, kaskazini mwa mkoa wa Shaba, kando ya mto Luvua.

Uongozi wake ulipangwaje?

Sheria ya Ujerumani huitaka kampuni ya hisa iwe na mabaraza mawili. La kwanza ni la utendaji: hawa huendesha kazi za kila siku, huajiri, husaini mikataba na kulipa madeni. La pili ni la usimamizi: hawa huwateua watendaji, huwakagua na wanaweza kuwaondoa. Mtu mmoja haruhusiwi kukaa katika mabaraza yote mawili kwa wakati mmoja.

Mpangilio huo ni muhimu kuuelewa, kwa sababu magazeti mengi yaliandika "wakuu wa OTRAG" kana kwamba walikuwa kundi moja. Lutz Kayser, mwanzilishi wake, alikuwa mtendaji. Kurt Debus alikuwa mwenyekiti wa baraza la usimamizi. Kwa hiyo kwenye karatasi Debus ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kumsimamisha Kayser. Katika kazi ya kila siku mambo yalikuwa kinyume: wazo lilikuwa la Kayser, wawekezaji waliletwa na Kayser, na kampuni ilitembea kwa mwendo wake.

Lutz Kayser alikuwa nani?

Alizaliwa Stuttgart mwaka 1939. Huko huko Stuttgart ndiko alikofundisha Eugen Sänger, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa Ujerumani katika mambo ya roketi, na kijana Kayser alikulia katika mazingira hayo ya watu waliojadili safari za angani wakati wenzao wengi wakiona ni ndoto za mchana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 utafiti wake ulipata fedha za wizara ya utafiti ya Ujerumani Magharibi. Nchi za Ulaya zilikuwa zimeshindwa na roketi yao ya pamoja iliyoitwa Europa: kila nchi ilitengeneza ngazi yake, yaani sehemu yake ya roketi, na zilipounganishwa zikakataa kufanya kazi pamoja. Jaribio la mwisho, la Novemba 1971 kutoka Kourou, lilishindwa kama yale yaliyotangulia ya kupeleka setilaiti angani. Kayser akaja na jibu la mtu asiyetaka kubembeleza kamati: acheni mitambo ya ajabu ajabu, tengenezeni kitu kimoja kidogo kinachofanya kazi, kisha vifungeni vingi pamoja.

Serikali ikachagua njia nyingine, ikaungana na Ufaransa katika mradi wa roketi ya Ariane, na fedha za Kayser zikakauka. Mwingine angerudi kufundisha chuoni. Yeye akaanzisha kampuni.

Nimemfikiria sana mtu huyu. Alikuwa na kipaji cha kuona kwamba gharama ya roketi haitokani na sheria za fizikia bali na tabia za watu wanaozitengeneza. Na alikuwa na upofu mmoja mkubwa: aliamini kwamba kazi ikiwa ya kiufundi, siasa itakaa pembeni na kungoja zamu yake.

Fedha zilitoka wapi?

Kwa mamia ya wawekezaji binafsi, wengi wao Wajerumani wenye kipato kikubwa. Sheria za kodi za wakati ule zilimruhusu mtu aliyeweka fedha katika biashara yenye hasara kuipunguza hasara hiyo kwenye kodi yake. Daktari wa meno au mwenye kiwanda angeweza kununua kipande cha roketi na bado akapata nafuu mwisho wa mwaka. Uongozi uliopata fedha kwa njia hiyo haukuwa na mteja mmoja mkubwa wa kuuliza maswali magumu. Haukuwa pia na serikali ya kuukinga siku ya mvua.

Kurt Debus alifuata nini katika kampuni changa kama hii?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na lina haki ya kujibiwa kwa kirefu.

Debus alizaliwa Frankfurt mwaka 1908, akasomea uhandisi wa umeme Darmstadt. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa Peenemünde, kituo cha Ujerumani ya Hitler cha kutengeneza makombora, katika timu ya kombora la V-2. Alikuwa mwanachama wa SS, kikosi cha chama cha Nazi. V-2 ilitengenezwa na wafungwa waliofanyishwa kazi kama watumwa katika mahandaki ya Mittelbau-Dora, na maelfu yao walikufa humo. Hayo siyaandiki kwa kupita. Mtu anayeuliza habari za mwenyekiti wa kampuni ana haki ya kujua mwenyekiti huyo alitokea wapi.

Baada ya vita Wamarekani walimchukua pamoja na wenzake. Kufikia miaka ya 1950 alikuwa akisimamia urushaji wa roketi Cape Canaveral. Timu yake ndiyo iliyorusha Explorer 1, setilaiti ya kwanza ya Marekani, tarehe 31 Januari 1958. Ilimrusha pia Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kufika angani, tarehe 5 Mei 1961. Debus akawa mkurugenzi wa kwanza wa kituo kilichokuja kuitwa Kennedy, na alikuwa bado kwenye kiti hicho Apollo 11 ilipoondoka kwenda mwezini tarehe 16 Julai 1969. Alistaafu mwaka 1974.

Mwaka uliofuata akawa mwenyekiti wa baraza la usimamizi la OTRAG. Fikiria maana yake kwa mwekezaji wa Frankfurt: anaambiwa aweke akiba yake katika roketi ya mabomba ya chuma, anacheka, kisha anaonyeshwa kwamba mwenyekiti ni yule aliyesimamia safari ya kwenda mwezini, anaacha kucheka. Jina la Debus lilikuwa dhamana.

Lakini dhamana hiyo ilikuwa na upande wa pili. Mtu wa Moscow au Paris aliyesoma jina lile lile hakumwona mwenyekiti wa kampuni ya usafirishaji. Alimwona mtaalamu wa V-2, Mjerumani, sasa yuko katikati ya Afrika na uwanja wa kurushia usiofikiwa na mtu. Sidhani kama kuna uteuzi mwingine katika historia ya kampuni hiyo ulioipa faida kubwa na madhara makubwa kwa wakati mmoja.

Je, ni kweli Wernher von Braun alikuwa mkurugenzi?

Hapana. Von Braun, aliyeongoza utengenezaji wa V-2 na baadaye roketi za Marekani za kwenda mwezini, alikuwa mshauri wa Kayser wa mambo ya sayansi. Aliondoka NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1972 akaenda kufanya kazi katika kampuni binafsi ya Marekani, na alifariki tarehe 16 Juni 1977, mwezi mmoja baada ya roketi ya kwanza ya OTRAG kupaa. Inasimuliwa kwamba yeye na Debus walimwonya Kayser mapema kwamba vikwazo vya kisiasa vitakuwa vikubwa kuliko vya ufundi.

Wengine katika timu walikuwa nani?

Richard Gompertz, raia wa Marekani, alikuwa mkurugenzi wa ufundi. Frank Wukasch alikuwa mtu wa karibu katika utendaji, na ndiye aliyekuja kushika usukani baadaye. Kulikuwa pia na kundi la ndege za mizigo aina ya Argosy, lililoundwa kwa ajili ya kampuni, ambalo lilibeba kila kitu kutoka Ulaya hadi Luvua: roketi, mafuta, chakula, misumari. Bila marubani na mafundi wa ndege hizo uongozi wote ungebaki na michoro tu, ingawa majina yao hayatajwi katika orodha yoyote ya wakuu.

Kwa nini walichagua Shaba?

Kwanza ni jiografia. Dunia inazunguka kwa kasi zaidi karibu na ikweta, kama kilomita 1,670 kwa saa kwenye mstari wenyewe, na roketi inayoelekezwa mashariki hupewa mwendo huo bure. Ujerumani iko mbali mno kaskazini, na ina watu kila mahali. Kituo cha Luvua kilikuwa karibu nyuzi nane kusini mwa ikweta, juu ya uwanda wenye ukingo unaoshuka ghafla hadi bondeni, katika eneo lenye vijiji vichache.

Pili ni mtu mmoja aliyeweza kusema ndiyo na ikawa. Mobutu Sese Seko, rais wa Zaire, alitaka nchi yake ionekane ya kisasa, na hakuhitaji kuuliza bunge. Kwa kampuni yenye haraka hiyo ni neema. Hasara yake ilionekana baadaye: anayeweza kutoa ruhusa peke yake anaweza pia kuifuta peke yake.

Jina la mkoa lenyewe ni neno letu. Mobutu aliiondoa Katanga kwenye ramani mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaweka Shaba, kwa sababu ya madini yake, na jina la zamani likarudi mwaka 1997. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa wahandisi wa Stuttgart waliandika neno la Kiswahili kwenye masanduku yao ya vipuri.

Mkataba ulisemaje?

Uliipa kampuni haki ya kutumia eneo la takriban kilomita za mraba 100,000 hadi mwaka 2000. Hilo linakaribia ukubwa wa Ujerumani Mashariki ya wakati ule. Ulipotoka hadharani ulizua ghadhabu kubwa, kwa sababu lugha yake iliipa kampuni kinga na mamlaka ambayo wengi waliona ni ya kikoloni, pamoja na uwezekano wa watu kuhamishwa kwa ajili ya usalama wa majaribio.

Watetezi wa OTRAG husema vipengele hivyo ni vya kawaida kwa uwanja wowote wa kurushia: huwezi kuwasha roketi juu ya kichwa cha mtu. Ni kweli. Lakini kuna tofauti kati ya kufunga eneo kwa saa sita siku ya jaribio na kuandika haki juu ya eneo lenye ukubwa wa nchi kwa robo karne. Mwanasheria mwenye busara katika timu ya uongozi angeuona mkataba ule na kuomba mdogo zaidi. Walichukua walichopewa.

Roketi yenyewe ilikuwaje?

Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Kila kipande kilikuwa bomba jembamba la chuma lenye kipenyo cha sentimita 27, la aina inayonunuliwa kiwandani kwa kazi nyingine. Ndani yake kulikuwa na tangi la mafuta ya jamii ya dizeli, na tangi la asidi ya nitriki ya kuyachoma. Hakukuwa na pampu. Pampu ya roketi ni moja ya mitambo ghali na yenye hasira kuliko yote, basi wao waliiacha kabisa: waliacha nafasi ya karibu theluthi moja ya tangi, wakaijaza hewa iliyoshindiliwa, na hewa hiyo ikayasukuma mafuta hadi kwenye injini. Valvu za kufungulia mafuta zilizungushwa na mota za umeme za waipa za gari, zile zinazofuta mvua kwenye kioo.

Roketi nyingi hugeuza uelekeo kwa kuinamisha injini. OTRAG haikuinamisha kitu. Ilipunguza nguvu ya injini za upande mmoja. Mvuvi wa Luvua angeielewa mara moja: wapiga kasia wa kushoto wakilegea, mtumbwi unageukia kushoto.

Mpango ulikuwa kufunga mabomba hayo pamoja, manne kwa majaribio, mamia kwa setilaiti kubwa. Uamuzi wa kutumia vitu vya dukani haukuwa wa mhandisi fulani wa chini aliyetaka kubana matumizi. Ulikuwa msimamo wa uongozi tangu siku ya kwanza, na waliushikilia hata wataalamu wa mashirika makubwa walipowakejeli.

Walirusha mara ngapi Shaba?

Mara tatu. Ya kwanza tarehe 17 Mei 1977, ikapaa vizuri. Ya pili tarehe 20 Mei 1978, nayo ikafaulu. Ya tatu tarehe 5 Juni 1978, mbele ya Mobutu mwenyewe. Iliinuka, ikapinda, ikaanguka bondeni.

Ziangalie tarehe hizo sambamba na habari za vita. Machi 1977 waasi waliingia Shaba kutoka Angola, na mapigano yalikuwa hayajaisha roketi ya kwanza ilipopaa. Mei 1978 walirudi na kuuteka mji wa Kolwezi. Askari wa miamvuli wa Ufaransa walishuka huko tarehe 19. Siku iliyofuata OTRAG ikarusha roketi yake ya pili, katika mkoa ule ule, ingawa ni mamia ya kilomita kutoka hapo.

Nimejaribu kuwaza kikao kilichoamua kuendelea. Kiufundi huenda kila kitu kilikuwa tayari na hakuna sababu ya kungoja. Lakini ulimwengu mzima ulikuwa umeelekeza macho Shaba, na kitu kilichoonekana kikipanda angani kutoka huko kingesomwa kwa namna moja tu. Kushindwa kwa tarehe 5 Juni kunazungumzwa sana kwa sababu ya mgeni aliyekuwepo. Kwangu mimi kosa zito la uongozi lilikuwa kufaulu kwa tarehe 20 Mei.

Je, ilikuwa silaha?

Hakuna ushahidi kwamba roketi zilizorushwa Shaba zilikuwa silaha, na muundo wake ulikuwa dhaifu kwa kazi hiyo: mabomba mengi yaliyofungwa pamoja, yanayochukua muda kuandaliwa, hayafai kwa jeshi linalotaka kupiga na kuhama. Moscow na Berlin Mashariki zilieneza habari kwamba Ujerumani Magharibi inajificha nyuma ya kampuni ili itengeneze makombora, na magazeti mengi ya Afrika na Ulaya yakazichukua.

Ila ni haki kusema kwamba hofu hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 1954 Ujerumani Magharibi iliahidi kwa mkataba kutotengeneza makombora ya masafa marefu katika ardhi yake. Sasa inatokea kampuni ya Kijerumani, nje ya ardhi hiyo, ikiongozwa na mzee wa V-2, katika eneo ambalo hakuna mkaguzi anayeweza kufika bila ruhusa. Waliohitaji kuondoa shaka hiyo ni viongozi wa OTRAG. Wangeweza kualika wakaguzi wa kudumu, au kuwapa viti wanasayansi wa nchi jirani: Zambia, Tanzania, Angola. Walijibu kwa kusema wao ni wafanyabiashara, waachwe.

Nani aliifunga?

Mobutu, mwaka 1979, chini ya mashinikizo. Umoja wa Kisovieti haukuitaka. Ufaransa nayo haikuitaka, na hiyo ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi Kinshasa, kwa kuwa askari wake ndio walikuwa wamemwokoa Mobutu Kolwezi mwaka mmoja kabla. Ufaransa ilikuwa pia na roketi yake ya kuuza: Ariane ilipaa kwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba mwaka huo huo wa 1979. Serikali ya Kansela Helmut Schmidt, iliyohitaji kuelewana na Paris na Moscow, haikuona faida ya kuitetea kampuni binafsi.

Baada ya Shaba uongozi ulifanya nini?

Ulikwenda Libya. Kati ya maamuzi yote, huu ndio ninaoshindwa kuutetea hata kidogo. Kampuni iliyotuhumiwa kutengeneza makombora, iliyoapa kwamba ni ya amani, ikahamia kwa Muammar Gaddafi, ikarusha roketi kutoka jangwa la kusini mwa nchi hiyo tarehe 1 Machi 1981. Debus alikuwa ameshaondoka kwenye uenyekiti mwaka 1980. Kwa kuondoka kwake ile dhamana iliyowatuliza wawekezaji ikaisha.

Kayser akatoka katika uongozi na Wukasch akaichukua kampuni. Alijaribu kuirudisha kwenye njia ya wazi: Septemba 1983 roketi ya OTRAG ilirushwa kutoka kituo cha Esrange, karibu na Kiruna kaskazini mwa Sweden, kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti wa anga ya Ujerumani. Hapo ndipo walipopaswa kuanzia mapema zaidi. Mwezi uliofuata Debus alifariki. Kampuni ilifungwa katika miaka ya 1980 bila kuwahi kufikisha setilaiti yoyote angani.

Mbona Waitalia wa Malindi hawakupata misukosuko kama hii?

Swali zuri, kwa sababu miradi hii miwili ni ndugu kwa namna fulani. San Marco, kituo cha kurushia kilichojengwa juu ya majukwaa baharini, pwani ya Kenya karibu na Malindi, kilikuwepo miaka kumi kabla ya Luvua. Kiliongozwa na Profesa Luigi Broglio, mhandisi wa anga na afisa wa jeshi la anga la Italia. Sababu zile zile za ikweta ndizo zilizomleta.

Broglio alianza tofauti. Aliingia kwa makubaliano ya serikali kwa serikali. Roketi zake aina ya Scout zilitoka Marekani, na timu yake ilifunzwa Wallops, kituo cha Marekani cha kurushia roketi, ambako ndiko setilaiti ya San Marco 1 ilikorushwa tarehe 15 Desemba 1964. San Marco 2 ikapaa kutoka pwani ya Kenya tarehe 26 Aprili 1967. Zilizobebwa zilikuwa setilaiti za sayansi, na matokeo yalichapishwa. Setilaiti mashuhuri kuliko zote, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri ya Kenya, na ikapewa jina Uhuru. Neno la Kiswahili likaingia katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima.

Sisemi San Marco haikuwa na malalamiko ya wenyeji kuhusu nani anafaidika. Yapo, na ni ya haki. Lakini hakuna jirani aliyelala macho akiogopa Malindi, kwa sababu ilijulikana nani anarusha nini, lini, na kwa nani anatoa hesabu. Majaribio ya mwisho ya kurusha yalifanyika Machi 1988, na kituo bado kinatumika kuwasiliana na setilaiti. Leo kinaitwa kwa jina la Broglio.

Wakongo walikuwa na nafasi gani katika uongozi?

Majina yote ya viongozi wa OTRAG niliyoyataja hapa ni ya Wajerumani na Wamarekani. Wenyeji walifanya kazi za mikono, za ujenzi, za kubeba na kupika. Lugha iliyowaunganisha na wageni kule kaskazini mwa Shaba ilikuwa Kiswahili, pamoja na Kifaransa kwa waliosoma. Nikiwaza, kampasi ya Lubumbashi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire ilikuwepo mkoa ule ule. Mhandisi mmoja kijana wa Lubumbashi kwenye meza ya majaribio, mwenye sauti na mshahara wa kweli, angewapa viongozi kitu ambacho Debus na sifa zake zote hakuweza kuwapa: mtu wa kusema katika redio ya nyumbani, kwa lugha ya nyumbani, kwamba kile kinachopaa pale bondeni ni hiki, na mimi mwenyewe nimekifunga skrubu.

Nikisoma orodha ya viongozi wa kampuni ya majaribio ya anga leo, nitazame nini?

Anza na mkuu wa usalama wa majaribio. Uliza kama anaweza kusimamisha jaribio bila kuomba ruhusa ya mkurugenzi mkuu. Kama hawezi, cheo chake ni cha kutundika ukutani. Kisha mtazame mwenyekiti: je, yupo kwa sababu ya kazi anayoifanya sasa, au kwa sababu ya jina lake la zamani? Tazama nani anashughulikia wakazi wa jirani na uwanja, na kama ana kiti au anatumwa tu kugawa fulana. Mwanasheria naye. Kwa bahati mbaya kurasa nyingi za kampuni huwajaza wahandisi juu na kuwaweka hawa chini kabisa, au kutowaweka.

Kayser aliishia wapi?

Katika miaka ya 2000 wazo lake lilipata wasikilizaji wapya. John Carmack, mtaalamu wa programu za kompyuta aliyeanzisha kampuni ndogo ya roketi huko Texas iitwayo Armadillo Aerospace, alivutiwa na mfumo wa vipande vingi vinavyofanana. Kayser alihamia Visiwa vya Marshall, katikati ya Pasifiki, akaishi kwenye kisiwa kidogo cha Bikendrik karibu na Majuro, na huko ndiko alikofariki Novemba 2017.

Katika nchi hiyo hiyo ya visiwa, kwenye kisiwa cha Omelek, tarehe 28 Septemba 2008 ilipaa Falcon 1 ya SpaceX, roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika iliyotengenezwa na kampuni binafsi kufika kwenye mzunguko wa dunia. Ilikuwa miaka 31 tangu bomba la kwanza liwake Luvua.